Vitabu Tulivyogawa Kwenye Kilio

Mwezi wa tisa mwaka 2012, siku ya Jumanne, yaya wangu alifariki hospitalini Lilongwe. Kwetu Bukavu, Kongo, yaya ni dada au kaka aliyekutangulia kuzaliwa. Wangu alikuwa dada, na sikuwa na mwingine. Wiki iliyofuata tulipoteza maktaba yake pia. Haikuungua wala haikuibwa. Tuliigawa wenyewe, kwa mikono yetu, tukiimba nyimbo za kanisani.

Maktaba ilikuwa chumba kimoja cha tofali kando ya kanisa, pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nje ya Lilongwe, Malawi. Dirisha moja, bati juu, benchi mbili, meza, na rafu alizotengenezewa na seremala mmoja kwa mbao za makreti. Yaya alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla hatujakimbia. Alifika kambini miaka ya mwanzo ya elfu mbili, mimi nikamfuata baadaye, kisha nikahamia Nsungwi mjini Lilongwe kushona nguo, kwa sababu kambini mafundi tulikuwa wengi kuliko vitambaa.

Vitabu vya kwanza alivipata kwa watu waliopata safari. Familia ikiitwa kwenda kuishi Kanada au Australia, wiki ya mwisho wanauza kitanda, sufuria, hata mlango wa nyumba. Vitabu hakuna anayenunua. Yaya alikuwa anaingia kuwaaga, anakunywa chai yao, kisha anauliza, "Nguo munapeleka, sufuria munauza. Na vitabu je?" Wengi walimpa kwa furaha. Mzigo wa ndege una kipimo chake.

Hakubandika amri yoyote ukutani. Nilimwambia siku moja kwamba maktaba nilizosikia habari zake zina karatasi ya masharti mlangoni. Akanijibu, "Batu ba hapa banasoma amri tangu asubuhi. Kwa bomba iko amri, kwa dispensari iko amri, kwa ofisi iko amri. Hapa basome kitu ingine."

Lakini masharti alikuwa nayo, na aliyefungwa nayo ni yeye mwenyewe. Alisema anafungua baada ya chakula cha mchana hadi jua lishuke, Jumatatu hadi Ijumaa, na alifungua. Siku za mgawo wa chakula, kambi nzima ikiwa kwenye foleni ya mahindi na maharage, yeye alikuwa amekaa mezani peke yake. Nilimkuta hivyo mara moja.

"Yaya, leo nani atakuja?"

"Ule mumoja mwenye atakuja leo, njo ye sitaki akute kufuli."

Hakuja mtu siku hiyo. Alifuta vumbi akafunga saa ileile.

Hakumuuliza mtu anataka kitabu cha nini. Palikuwa na mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe aliyekuwa anajifunza Kiingereza kwa vitabu vya watoto, vile vya picha kubwa. Kijana mmoja wa sekondari alimwona akacheka. "Mzee, sungura amefika wapi?"

Mzee hakuinua kichwa. "Amefika ukurasa wa nane. Wewe umefika wapi?"

Benchi nzima ilicheka, na yule kijana naye akacheka, akavuta kitabu chake. Yaya baadaye aliniambia kwamba chumba kinachoruhusu mtu mzima ashike kitabu cha mtoto bila aibu kimeshafanya nusu ya kazi yake. Hakuwa mtu wa kusema maneno ya namna hiyo mara nyingi, ndiyo maana nayakumbuka.

Warundi mwanzoni walikuwa wanafika mlangoni na kusimama. Ndani tulikuwa sisi watu wa Kivu, tunaongea kwa sauti Kiswahili chetu na Kifaransa kidogo, na vitabu vya Kifaransa vilikuwa mbele kabisa, maana ndivyo tulivyojivunia. Yaya aliwaangalia wale wa mlangoni kwa wiki kadhaa. Kisha akahamisha kila kitu. Vitabu vya Kirundi, vichache tu na vingi vya dini, akaviweka kwenye rafu ya karibu na mlango, pamoja na benchi moja. Kifaransa kikaenda nyuma ukutani.

Watu wetu walilalamika. Mmoja alisema, "Mwalimu, Kifaransa umekiweka nyuma kama mukimbizi."

"Na we si mukimbizi?" yaya akamuuliza.

Kitabu kikichelewa hakutoza faini. Alisema mtu akiogopa faini hatarudi yeye, na kitabu nacho hakitarudi, utakuwa umepoteza viwili. Alikwenda nyumbani kwa mtu. Anaketi, anauliza habari za watoto, anasikiliza habari za mgongo na za majirani, na akisimama kuondoka anasema, "Na kitabu changu hakinisalimii?" Mtu anacheka, anaingia ndani, anakitoa.

Tena alijua kukataa. Hilo ndilo lililonishangaza zaidi. Mara moja moja alikuja mjini nami nikamsindikiza City Centre, kwenye ofisi zinazohama au zinazosafisha stoo. Katika ofisi moja walitupa maboksi manne, wakatabasamu, wakataka na kutupiga picha. Yaya alifungua la kwanza pale pale sakafuni. Zilikuwa ripoti za mikutano juu ya upandaji miti katika nchi ambayo sisi hatujawahi kuiona. Akafungua la pili, ilikuwa vilevile. Alichagua vitabu viwili kutoka boksi la mwisho akasimama.

"Zikomo kwambiri," akamshukuru yule bwana kwa Kichewa. "Hivi vinatosha."

Njiani nilimlaumu. Nilisema mtu masikini hachagui. Nilikuwa nimeshatafuta kabaza mbili za kubeba maboksi, waendesha baiskeli wamekaa wanatungoja.

"Ile siyo kitabu, ile ni karatasi," akasema. "Nikiipanga kwa rafu, mutoto atakuja, atafungua moja, atafungua mbili, hataelewa kitu. Atasema ni yeye mujinga. Mi siwezi kumufanyia vile."

Hivyo ndivyo alivyoiendesha. Na kwa kuwa nimeamua kusema kweli, niseme na alipokosea. Hakumfundisha mtu mwingine. Ufunguo ulikuwa mmoja, alioufunga kwenye pindo la kitenge chake. Aliyeazima alimwandika kwenye kipande cha karatasi, na karatasi hizo yeye peke yake ndiye aliyejua anaziweka wapi. Akiugua malaria, chumba kilifungwa mpaka apone. Tuliona hayo kwa miaka na hakuna aliyemwambia, kwa sababu tulimheshimu, na pia kwa sababu ilikuwa rahisi kwetu kuona mambo yote ni yake. Alipofariki, kambi nzima ilikuwa inaamini kwamba vitabu ni mali ya mwalimu.

Tulimzika kambini. Watu walikaa chini ya hema la plastiki siku za kilio, kisha ikafika siku ya kuondoa matanga. Desturi yetu ni kwamba siku hiyo kitu cha marehemu hakilali bila mwenyewe. Mkubwa wa ukoo anasimama, anaomba Mungu, anagawa. Huyu anachukua kitenge, huyu kikombe, huyu kiti, kila mmoja anaondoka na kitu cha kumkumbukia. Kitu hicho hakiuzwi, wala hakirudishwi. Ukirudisha ni kama unakataa kumkumbuka aliyekufa, na anayekuomba urudishe anakuvuta kwenye bahati mbaya.

Mkubwa wetu alikuwa mjomba, ndugu wa mama yetu, ambaye pia ni mzee wa kanisa. Aligawa vitenge na sufuria, na haikuchukua muda, yaya hakuwa na vingi. Watu bado walikuwa wamejaa uani. Wanafunzi, wanakwaya, Warundi wa mtaa wa pili, hata mfanyabiashara mmoja aliyetoka Area 47, mtaa wa Lilongwe, na gari lake akiwa ameleta unga wa kilio. Mikono yao ilikuwa mitupu. Mjomba akawaangalia, akaangalia chumba.

"Mwalimu alikuwa masikini wa vyombo," akasema, "lakini alikuwa tajiri wa vitabu. Musitoke hapa mikono mitupu."

Ufunguo haukuonekana, kwa hiyo kufuli lilivunjwa kwa nyundo. Watu walipanga mstari wakaingia mmoja mmoja, mjomba akiwa ndani anatoa kitabu kwenye rafu bila kukitazama na kumpa kila anayefika, na kwaya ikiimba. Nilisimama mlangoni nikiwapa mkono wanapotoka. Niliona ni jambo zuri kuliko yote niliyowahi kuona kwenye kilio. Mwenyewe nilipewa kitabu kinene cha Kifaransa juu ya magonjwa ya mifugo, nikakikumbatia. Jioni rafu zilikuwa wazi, na mama mmoja mwema akafagia chumba.

Jumatatu nilikwenda kuchukua meza kabla ya kurudi Nsungwi. Mlangoni nikamkuta msichana wa sekondari na sare yake, ameketi kwenye kizingiti, mkoba miguuni.

"Fundi, leo nani anafungua?"

"Vitabu vimekwisha, mwanangu."

"Vimekwisha vipi? Tuna mitihani." Akafikiri ninatania. "Mimi nataka kile cha baiolojia tu, cha jalada la kijani. Nakisomea hapahapa."

Nilikijua kitabu hicho. Nilikuwa nimemwona mama mmoja wa kwaya anatoka nacho, amekibana kifuani, analia. Mama yule hajui kusoma. Nikaingia nikainua meza, nikaishusha palepale, na ndipo nilipoelewa tumefanya nini.

Nilikwenda kwa mjomba mchana uleule. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Maktaba ilikuwa yeye," akasema. "Mutu akikufa, utaweka nani pahali pake?"

"Chumba kipo, mjomba. Wasomaji wapo."

"Chumba kwaya banakiomba. Ngoma zao na viti viko kwa ile kibanda inavuja. Kamati ya kanisa inaningoja mimi tu."

"Na vitabu vikirudi?"

"Vikirudi vyenyewe, ni sawa, mi sitakataa. Lakini siwezi kwenda kuomba kitu nilitoa na sala. Na we usiende kuomba. Nakupa mpaka mvua. Mvua ya kwanza ikianguka, kama rafu iko vile iko leo, ngoma zinaingia mule."

Sikumsikiliza, nilikwenda kuomba. Nilianza kwa yule mama wa kwaya, anakaa nyumba ya tatu kutoka kanisani. Alifurahi kuniona. Nilipotaja kitabu alikitoa chini ya mto, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, akanionyesha bila kukiachia.

"Hii njo mwalimu mwenyewe," akasema. "Nakilalia. Usiku nikikosa usingizi nakigusa."

Nilikunywa chai yake nikatoka. Nyumba iliyofuata ilikuwa ya bwana mmoja Mrundi, na yeye hakunipa hata chai.

"Mnatoa kwenye kilio, halafu mnarudi kuchukua? Kwenu Bukavu mnafanya hivyo?"

"Hapana," nikamjibu, "hatufanyi."

"Basi usianze."

Nilirudi Nsungwi. Nilishona sare za shule na mapazia, na mwezi wa kumi ukaingia na joto lake, maua ya jakaranda yakadondoka njiani. Kila asubuhi nikitoka nje nilitazama mbingu kama mkulima, ila mimi nilikuwa naomba zisilete kitu.

Mapazia yale yalikuwa ya yule mfanyabiashara wa Area 47. Nilipompelekea nilikuta kitabu chake cha kilio kiko dukani, nyuma yake, kati ya sabuni na mafuta ya kupikia. Kilikuwa kitabu kikubwa cha ramani za dunia.

"Fundi, kitabu hiki kimenichosha," akasema huku anapima mapazia kwa mikono. "Kila anayeingia anasema, bambo, nionyeshe. Juzi mmoja ameingia kununua kiberiti, akataka kuona Burundi iko wapi. Nikamwonyesha. Akataka kuona Malawi. Akapima kwa kidole. Akaita na mwenzake kutoka nje. Wameondoka bila kiberiti."

"Usingependa kukirudisha?"

Akaacha mapazia akanitazama. "Cha kilio? Hapana, fundi. Huko usinipeleke." Kisha akakigeukia kile kitabu. "Lakini kukitembeza naweza. Kwani arobaini ya mwalimu ni lini?"

Nikamwambia.

"Nitakuja. Nije nacho, nisome ukurasa mmoja mbele ya watu. Kitu cha marehemu kikija kwenye arobaini yake mwenyewe, nani ataona ubaya?"

Neno hilo nilikwenda nalo kambini Jumamosi ileile, nikamwekea mjomba mbele yake kama lilivyo. Aliligeuzageuza. Aliniuliza mara mbili nani ameliwaza, na nikamwambia mara mbili kwamba si mimi. Mwishowe akasema, "Kuja nacho si kurudisha. Hapo sioni kosa." Akakubali arobaini ifanyike ndani ya chumba cha vitabu, na Jumapili akatangaza kanisani kwamba kila aliyepewa kitu cha mwalimu aje nacho.

Walikuja. Vitabu vilifika vimefungwa kwenye vitenge, kwenye mifuko ya unga, kimoja kwenye foronya iliyopigwa pasi. Kulikuwa na nsima, ndio ugali wa Malawi, na maharage, na mtu hawezi kula huku amebeba kitabu, kwa hiyo waliviweka mahali palipokuwa karibu, yaani kwenye rafu. Sikumwambia mtu aviweke pale.

Baada ya kula tukaanza kusoma, kila mtu ukurasa mmoja wa kitabu chake. Asiyejua kusoma, au aliyepewa lugha asiyoijua, alimpa mwingine. Hapo ndipo ilipoonekana namna mjomba alivyogawa. Mshona viatu alikuwa na kitabu cha nyimbo za watoto. Msusi alikuwa na hesabu za fizikia. Mfanyabiashara wa Area 47 alikuwa na ramani, na kwenye ramani hakuna cha kusoma, akasimama akataja majina ya mito hadi watu wakamwomba aketi.

Yule mama wa kwaya alimpa kitabu chake cha kijani msichana wa sekondari. Msichana alitafuta mahali, akasoma kwa Kiingereza, kisha akaeleza kwa Kiswahili kwamba moyo wa mtu una vyumba vinne.

"Vinne?" mama akauliza. "Mi nilifikiri ni kimoja tu. Soma tena."

Alisoma tena. Mama aliweka mkono kifuani na kusikiliza mpaka mwisho wa ukurasa, na hatukumharakisha.

Zamu yangu ilipofika nilisoma juu ya minyoo ya mbuzi, kwa Kifaransa changu cha mwaka wa pili wa sekondari. Nilipoketi, yule bwana Mrundi aliyeninyima chai akasogea karibu.

"Wewe unafuga nini?"

"Cherehani."

Watu walicheka, naye akacheka. "Mimi nina mbuzi, na wanakufa. Nipe hicho kitabu."

"Siwezi kukupa, nilipewa kwenye kilio," nikamwambia. "Lakini nenda nacho ukisome, halafu urudi nacho."

Nilichukua kipande cha karatasi nikaandika jina lake ili nisisahau. Nilikuwa nimeshamaliza kuandika ndipo nikatambua kuwa yaya ndiye aliyekuwa akifanya hivyo kwenye meza ileile. Mshona viatu akasimama, akaenda kwenye rafu, akaanza kufunuafunua vya wenzake. Msusi akamfuata. Kisha mama mmoja akauliza kwa sauti, kwa chumba chote:

"Nikiacha changu hapa na kuchukua cha mwingine, changu kitakuwa bado changu?"

Watu wote walimgeukia mjomba. Alikuwa ameketi pembeni na kamusi kubwa ya Kifaransa na Kiswahili juu ya magoti, ile waliyokuwa wanaigombania wanafunzi zaidi ya vyote. Siku ya kugawa alikuwa amejichukulia mwenyewe.

"Kila mutu aandike jina yake ndani ya kitabu chake," akasema polepole. "Kikilala hapa, ni chake. Mwingine akikisoma, ni chake bado."

Kalamu ilikuwa moja. Tulipokezana hadi jua likashuka. Si wote walioacha. Wengine waliandika majina yao, wakafunga vitabu kwenye vitenge na kwenda navyo, na sikuwauliza kitu. Mama wa kwaya alirudi na chake nyumbani, lakini alimwambia yule msichana aje jioni akisomee kwake, mradi asome kwa sauti. Mjomba alitoka na kamusi kwapani. Mwisho wa siku rafu mbili zilikuwa zimejaa na ya tatu ina vichache.

Mwezi wa kumi na moja nilihama Nsungwi na cherehani yangu, nikaiweka mlangoni mwa kile chumba, ili nikishona mlango uwe wazi. Wasomaji walilalamika juu ya kelele zake. Mmoja alisema hii ndiyo maktaba ya kwanza duniani yenye mashine ya kusaga. Nikahamia nje, chini ya upenu. Nilinunua kufuli jipya lenye funguo mbili, na wa pili nikampelekea mama wa kwaya, kwa sababu yuko karibu na huwa hasafiri.

"Mi sijue kusoma," akasema.

"Mlango hausomwi, mama. Unafunguliwa tu."

Nilipougua homa wiki iliyofuata, alifungua yeye. Aliketi mezani na kitabu chake cha kijani, akawaambia wanaoingia wajiandike wenyewe. Nilipopona nilikuta wamejiandika, baadhi kwa mwandiko usiosomeka.

Mvua ya kwanza ilianguka Ijumaa mchana, kubwa, bila upepo. Haikuisha saa moja nikaona wanaume wa kwaya wanakimbia kutoka kibandani na ngoma vichwani, na mjomba nyuma yao ameshika mwavuli. Niliacha kushona nikasimama mlangoni. Mjomba aliingia bila kunitazama, akatikisa mwavuli, akaangalia rafu, akaangalia watu waliokuwa kwenye benchi. Wengine walikuwa wamekaa chini kwa kukosa nafasi. Wanaume wa kwaya walikuwa bado wamesimama mvuani.

"Ngoma muweke pale kwa kona," akawaambia, "juu ya tofali, zisiguse chini. Viti mulete vyote." Kisha akawageukia wale waliokaa sakafuni. "Viti ni vya kwaya. Lakini Jumatatu mpaka Ijumaa kwaya haikai."

Ikawa hivyo. Hakuna kikao kilichofanyika wala barua iliyoandikwa.

Jumatano iliyofuata mjomba alikuja peke yake, kamusi imefungwa kwenye plastiki ndani ya koti. Aliketi kwenye kiti cha kwaya karibu na dirisha akaifungua, na nikaona kwamba hatafuti neno lolote. Mwanafunzi mmoja akasogea akamwomba aangalie kidogo. Mjomba akampa. Mwingine akaja nyuma ya yule. Mjomba akabaki mikono mitupu, anaangalia rafu, kisha akasimama akavuta kitabu kimoja chembamba cha ufugaji wa nyuki, akasoma kurasa mbili akiwa wima.

Alikuja nacho hadi mlangoni, nilipokuwa.

"Na mi nikitaka kwenda na hii, nafanya je?"

"Unaandikwa, mjomba. Mwenye nacho ni msusi, jina lake liko ndani. Utakirudisha."

"Nitakirudisha," akasema. "Uniandike."

Nikamwandika. Alikiweka ndani ya koti, akafungua mwavuli, akaenda zake. Wale wanafunzi walikuwa bado wameinamia kamusi.